Programu ya mwalimu ilitoka na picha ya mama wa watu

Hii kitu nimekaa nayo moyoni wiki nzima na nimeona afadhali niandike, juu najua sio mimi peke yangu nafanya kazi ya kutaipu programu za mazishi, na najua kuna mtu mahali, Bungoma ama Siaya ama hata hapa hapa Kakamega mtaa wa pili, itampata vile ilinipata na hatajua imetoka wapi.

Kwa wale hamnijui, niko na saiba ndogo hapa mjini, kompyuta 4, printa 2 na kijana mmoja wa kunisaidia. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Masinde Muliro wananiletea kazi zao, Juni yote ni watu wa ritani za ushuru za KRA juu mwisho ni tarehe 30, lakini kazi yenye inalipa kodi ya duka mwaka mzima ni programu za mazishi. Huku kwetu mazishi mengi ni Jumamosi, kwa hivyo Jumatano watu wanaanza kuingia na karatasi zimeandikwa kwa mkono pande zote mbili, Alhamisi tunasahihisha, Ijumaa tunaprinti kabla mwili utoke mochari. Na sio kazi ya kuchezea. Hiyo karatasi inawekwa kwa Biblia, inakaa nyumbani miaka 20, na mtoto mmoja akisahaulika kwa orodha ama mke wa pili akiandikwa juu ya wa kwanza, ni maneno yatasemwa hapo kaburini mbele ya watu wote. Mimi huwa nasoma kila jina mara mbili kwa sauti na mwenye ameleta karatasi akiwa ameketi kando yangu.

Sasa hii kazi ukiifanya muda mrefu huanzi na karatasi tupu. Unafungua programu ya wiki zilizopita yenye mpangilio umeshakaa vizuri, unatoa picha unaweka ingine, unatoa historia unaweka ingine, ratiba ya ibada inabaki karibu vile ilivyo, halafu unasevu kwa jina jipya. Majina yangu yako na utaratibu: neno PROGRAMU, halafu ni nani, halafu kijiji, halafu tarehe. Tarehe naandika 21 JUNI, siandiki 21/6, juu ule mkwaju Windows inausoma kama njia ya kuingia kwa folda, inaanza kutafuta folda yenye haiko na inakukatalia. Ziko alama 9 zenye jina la faili kwa Windows halikubali: mkwaju wa kila upande, nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, zile mbili za ndogo kuliko na kubwa kuliko, na ule mstari wa wima. Hizo nilizijua kitambo.

Na kuna njia ya mkato yenye nilijifunza mwenyewe. Ukiwa kwa dirisha la kusevu, ukikliki mara moja faili ya zamani hapo kwa orodha, jina lake linaingia kwa kile kiboksi cha chini, unabadilisha tu jina la mtu na tarehe, unasevu. Hutaipu yote upya, na utaratibu wa majina haupotei. Nimeitumia miaka mingi na bado naiona ni nzuri, lakini ndiyo ilinifikisha hapa.

Jumatano tarehe 18 waliingia watoto wa mwalimu mstaafu kutoka Ilesi, binti mkubwa na ndugu zake wawili. Nikaangalia kwa folda nikaona programu ya mzee wa Shinyalu, tulimtengenezea mazishi ya tarehe 7, naye alikuwa mzee wa kanisa kama huyu mwalimu, mpangilio unafanana kabisa. Nikafungua hiyo, nikaanza kubadilisha. Tulikaa nao mpaka jioni juu historia ya mwalimu ilikuwa ndefu, shule alizofundisha karibu 10 na kila moja na mwaka wake, na binti alikuwa anapigia shangazi yake simu kila saa kuuliza, senge, baba alitoka hiyo shule mwaka gani. Mvua ya Kakamega ikaanza, stima ikapepesa mara mbili. Nikabonyeza F12 ili nisevu kwa jina jipya haraka kabla stima ipotee.

Dirisha likafunguka. Nikakliki PROGRAMU MAMA KHAYEGA 14 JUNI, ya mama tulimzika wiki iliyotangulia, ili nichukue utaratibu wa jina. Hapo binti akaniuliza kitu kuhusu picha, nikageuka nikamjibu, nikarudi, nikakliki tena palepale. Jina likawa na rangi ya buluu, tayari kuandikwa. Nikaandika PROGRAMU MWALIMU ILESI 21 JUNI, nikapiga Enter. Nikaona jina jipya limekaa kwa orodha, safi kabisa. Lakini dirisha halikufungika. Mimi nikajua mashine imekwama kidogo vile huwa inafanya ikiwa na picha nzito, nikafunga na ule msalaba wa kona, na juu ya hiyo stima nikabonyeza Ctrl+S ya kusevu ndio niwe na uhakika. Nikafunga Word, nikafunga duka, tukaenda.

Ijumaa asubuhi nilienda kutafuta wino wa rangi, nikamwachia kijana maagizo: fungua PROGRAMU MWALIMU ILESI, toa kopi 150. Kijana akafanya vile nilimwambia, akafungua kwa jina, akatuma kwa printa, akageukia mteja wa KRA. Nilirudi nikampata yule binti wa mwalimu amesimama kando ya printa na karatasi moja mkononi bado ina joto. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu akasema, madam, huyu si baba.

Ilikuwa picha ya mama wa Khayega. Kitambaa cha kichwa cha buluu, amekaa kwa kiti cha plastiki mbele ya mgomba, ile picha familia yao ilinitumia kwa WhatsApp nikaikata pembeni mwenyewe. Kopi zaidi ya 40 zilikuwa zimetoka, mama ambaye ameshazikwa, jina lake, watoto wake, wakwe zake, mikononi mwa familia ya mtu mwingine siku moja kabla ya mazishi yao. Nilisikia baridi. Pesa ya karatasi na wino sikuifikiria hata kidogo. Niliwaza tu kwamba huyu binti amekuja kuchukua baba yake na nimempatia mtu mwingine.

Nikaketi nikafungua hiyo folda. Jina lilikuwa sawa, MWALIMU ILESI 21 JUNI. Lakini pembeni, kwa ile safu ya tarehe ya mabadiliko ya mwisho, iliandikwa Alhamisi tarehe 12. Tarehe 12 mwalimu alikuwa bado hai. Hapo ndio nikaanza kuelewa, juu kubadilisha jina la faili hakubadilishi hiyo tarehe, inabaki ile ya siku ndani yake paliguswa mara ya mwisho. Kwa hivyo hii haikuwa faili mpya, ilikuwa faili ya zamani imevalishwa jina jipya. Nikapanga folda yote kwa tarehe hiyo, ya juu kabisa ikawa PROGRAMU MZEE SHINYALU 7 JUNI, imebadilishwa Jumatano tarehe 18, saa moja na dakika 42 jioni. Nikaifungua na mikono inatetemeka. Mwalimu alikuwa hapo. Picha yake, shule zake zote, miaka yote, hakuna kitu kilipotea. Binti akashusha pumzi na mimi nikashusha.

Tukaprinti upya, tukamaliza kabla ya saa saba, zile za kwanza nikazitoa mbele yake nikaziweka kando, nikamwambia hizo sitazitupa kwa pipa, nitazipeleka kwa familia ya Khayega juu karatasi yenye picha ya mtu haitupwi hivi hivi. Akanielewa. Baadaye nilipiga simu Khayega nikaeleza, mtoto wa mama akasema hata ni vizuri, zile za kwanza ziliisha na kuna watu wa mbali hawakupata.

Usiku nikaanza kujaribu hiyo kitu polepole na faili za bure, kliki moja baada ya ingine, mpaka nikaona venye inaenda. Nataka niieleze vizuri.

Ile orodha unaona ndani ya dirisha la kusevu sio picha ya faili zako, ni faili zenyewe. Imekuwa hivyo tangu Windows 95, mwaka wa 1995, wakati walichukua ile orodha ya kawaida ya folda wakaiweka ndani ya dirisha la kufungua na la kusevu. Kabla ya hapo, kwa Windows 3.1, ilikuwa majina tu, hayo ya herufi 8 na kiambishi cha 3, yaani ule mkia wa jina baada ya nukta, ukikliki jina linaingia kwa kiboksi na basi, hakuna kitu ungeharibu. Lakini sasa ukiwa hapo ndani unaweza kubadilisha jina la faili, kuifuta, kuikata ukaibandika kwa folda ingine, na yote yanafanyika saa hiyo hiyo. Hata ukifunga dirisha bila kusevu, jina ulilobadilisha limebadilika. Kufunga dirisha kunasimamisha kusevu peke yake, hakurudishi kitu kingine chochote ulichofanya ndani.

Halafu hizo kliki. Ukikliki faili moja kwa moja mara mbili haraka, kompyuta inaelewa umeichagua na unataka kusevu juu yake, inakuuliza kama unataka kuifuta ile ya zamani iweke hii. Ukikliki mara mbili lakini polepole, inaelewa unataka kubadilisha jina la hiyo faili ya zamani, na hapa haikuulizi kitu. Mpaka kati ya haraka na polepole, kama hujagusa mipangilio ya mausi, ni milisekunde 500. Nusu sekunde! Mimi niligeuka kujibu swali, na hiyo ilitosha. Mtu mwenye mkono mzito, mzee, mtu amechoka, mtu anaongea na mteja, wote wako kwa hiyo hatari, na kusema ukweli nadhani walioipanga hivyo walikuwa wanafikiria mtu amekaa peke yake kwa meza kimya, sio mtu wa saiba na watu watatu wamemsimamia nyuma.

Kwa hivyo mimi niliandika jina kwa orodha nikidhani naandika kwa kiboksi. Ile Enter yangu ilimaliza kubadilisha jina la mama wa Khayega na ikaishia hapo, kusevu kulikuwa bado, ndio maana dirisha halikufungika. Lilikuwa linanisubiri, halijakwama hata kidogo. Nilipolifunga, Word ikarudi kwa faili niliyokuwa nimefungua mwanzo, ya mzee wa Shinyalu, na juu kabisa ya skrini ilikuwa imeandikwa SHINYALU muda wote huo, sikuinua macho. Ctrl+S ikamwandika mwalimu juu ya mzee. Faili mbili zimeharibika na hakuna onyo hata moja lilitokea, juu kwa kompyuta kila kitu kilikuwa kimeombwa na kimefanyika.

Jambo lingine la kuchanganya zaidi ni kwamba ningekuwa nimekliki faili ya mzee yenyewe, haingekubali. Word ikishika faili inaizuia isiguswe, ukijaribu kubadilisha jina inakataa inasema faili iko wazi kwa Word. Lakini faili zingine zote kwa orodha hazijashikwa na mtu, zinabadilika. Na programu ndogo ya kompyuta kama Notepad haishiki kabisa, inasoma faili inaiachilia, kwa hivyo hapo unaweza kubadilisha jina la kitu chenye kiko wazi mbele yako, halafu ukisevu inatengeneza ingine na jina la zamani, unabaki na mbili hujui ya kweli ni gani.

Kama imekupata na umejua palepale, usifunge kitu. Jina likiwa bado lina buluu, Esc moja inaliacha vile lilikuwa, lakini bonyeza moja tu, ya pili inafunga dirisha lote. Kama umeshapiga Enter, Ctrl+Z ukiwa kwa hiyo orodha ama kwa folda yenyewe inarudisha jina. Na kwa Word, hata kama umeshasevu juu ya faili ya mtu, bora hujaifunga, Ctrl+Z inaendelea kurudisha nyuma hatua kwa hatua, unaweza kufika mpaka ile ya zamani ukaisevu tena. Mimi nilikuwa nimefunga. Siku mbili zilipita.

Nilijaribu kuweka faili zote za zamani ziwe za kusoma tu, ile alama unaweka kwa sifa za faili, nikidhani nimemaliza. Nusu ndio inasaidia: Word inakataa kusevu juu yake, inakulazimisha jina jipya, hiyo ni nzuri sana. Lakini jina lake bado linabadilika bila shida, nimejaribu mara nne. Ile alama inalinda kilicho ndani, jina hailindi.

Chenye nimefanya sasa ni kutengeneza templeti ya kweli, ile ya kiambishi cha dotx, mpangilio mtupu bila mtu yeyote ndani, picha ni mraba tu. Ukiifungua kwa kuikliki mara mbili, Word inakupatia dokumenti mpya isiyo na jina, na Ctrl+S ya kwanza lazima iulize jina. Hakuna marehemu wa zamani chini yake wa kuandikwa juu. Na faili zilizokwisha kazi nazihamisha folda ingine kila Jumatatu, kwa hivyo dirisha la kusevu likifunguka halina majina ya watu wa wiki iliyopita ya kuguswa. Kijana nimemwambia kabla ya kuprinti aangalie sura kwanza, jina la faili baadaye, na kopi ya kwanza ashike mwenye kazi. Hiyo ya kopi ya kwanza ilifaa iwe sheria ya duka langu tangu siku ya kwanza, na inaniuma haikuwa.

Nikiwa hapo kwa majina, kuna hii ya viambishi, inasumbua vijana wa kutafuta kazi. Windows ikija inaficha kiambishi cha faili. Kijana anaambiwa apeleke CV ya pdf, anaona faili yake inaitwa CV, anabadilisha jina anaandika CV.pdf, anaona imekuwa pdf, kumbe kiambishi cha kweli kimefichwa na sasa inaitwa CV.pdf.docx, mtandao wa kazi unaikataa na hajui kwa nini. Na hata ukiandika kiambishi chenyewe, kubadilisha jina hakubadilishi kilicho ndani. Kwa mashine zangu zote 4 nimetoa huo ufichaji, kila mtu aone jina lote.

Lakini mzee wa Shinyalu. Faili yake ilikuwa imeenda, na mke wake aliniambia siku ile ya kuchukua kopi kwamba nimwekee vizuri, wataitumia tena ya kumbukumbu ya mwaka. Hiyo niliibeba siku mbili bila kumwambia mtu. Jumapili baada ya kanisa nikakumbuka kuwa nilikuwa nimetumia kijana wake pdf kwa WhatsApp ili asome kabla tuprinti, nikarudi kwa hiyo mazungumzo mpaka mwanzo wa Juni, na ilikuwa hapo, ukurasa zote 8. Word ya 2013 kuja juu inafungua pdf na kuigeuza iandikike, nikaijaribu, historia ilikuja karibu sawa lakini orodha ziligeuka, safu mbili zikaingiliana, wakwe wakachanganyika na wajukuu, picha ikashuka ukurasa wa pili juu ya ratiba.

Kwa hivyo naitaipu upya, na pdf imefunguliwa kando. Nimempigia kijana wake nikamweleza yote vile ilitokea, akanyamaza kidogo, halafu akasema kukhu wake, mama ya mzee, alikuwa ameandikwa vibaya jina kwa ile ya kwanza na hawakutaka kunisumbua siku ya msiba, kama naandika tena nirekebishe. Akanisomea herufi moja moja kwa simu nikaandika. Saa hii ni karibu saa nne usiku, watoto wote 9 wameshaingia kwa mpangilio wao, wakwe wako mahali pao, nimebakisha wajukuu na picha.